Kulea na mtu msiyeelewana

Watu wa karibu huniuliza kama mimi na baba watoto tumeshapatana. Hatujapatana, na sitegemei kwamba tutapatana. Tuliachana binti yetu akiwa darasa la pili na mdogo wake ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Septemba hii binti amefanya mtihani wa darasa la saba, mdogo yuko darasa la kwanza, na baba yao bado ni mtu yuleyule: mwepesi wa kuahidi, mwepesi wa kukasirika, mzito wa kukubali kwamba jambo limeshaamuliwa. Kilichobadilika ni namna tunavyoyaendesha mambo ya watoto, na hicho ndicho ninachotaka kukieleza.

Mimi niko Mtwara mjini, Chikongola, nafanya kazi ya kushona. Yeye amerudi kwao Tandahimba, analima korosho na ameoa. Watoto wanaishi kwangu na likizo wanakwenda kwa baba yao.

Huku kwetu mwanamke aliyeachwa akiwa na watoto hupewa ushauri wa aina mbili. Wazee humwambia avumilie, mwanamume akikua atatulia. Wenzake wa rika moja humwambia amfungie namba, alee wanawe mwenyewe, riziki anatoa Mungu. Ushauri wote nimeupokea kwa heshima na wote umenishinda kuufuata. Ule wa wazee unamweka mama miaka mingi akingoja moyo wa mtu mwingine ulainike. Ule wa wenzangu unawanyima watoto baba ambaye wao hawana ugomvi naye. Wanangu wanampenda baba yao. Wakirudi kutoka kwake wananisimulia jinsi alivyowafundisha kubangua korosho iliyochomwa bila kuungua vidole na utomvu wake, na wakisimulia wanacheka. Furaha hiyo siwezi kuwanyang'anya kwa sababu ya maumivu yangu mimi.

Basi nimeshika hili: mambo ya watoto yapangwe kwa namna ambayo yatakwenda hata siku ambayo baba yao amekasirika, na hata siku ambayo mimi nimekasirika. Chakula, sare, dawa, safari, likizo. Yasingoje mtu awe na moyo mzuri.

Nianze na fedha, maana ndiko tulikoumizana zaidi.

Mkulima wa korosho hana mwisho wa mwezi. Mvua za mwanzo wa mwaka zinamkuta kwenye palizi na mazao ya chakula. Kuanzia Mei anahangaika na salfa na dawa nyingine za kupulizia, na hapo ndipo wengi wanapoingia kwenye madeni. Korosho zinaanza kudondoka kwenye Septemba, minada inafunguliwa Oktoba, na fedha zinaingia benki baada ya chama cha msingi cha ushirika kuuza na kukata makato yake. Kwa hiyo mtu anayekaa miezi minane hana kitu mfukoni anaweza kushika fedha ya mwaka mzima ndani ya wiki chache. Aliyekulia Newala, Tandahimba au Masasi analijua hili bila kufundishwa. Anajua pia kwamba Novemba ndiyo miezi ya harusi, pikipiki mpya na mabati, na Februari ndiyo miezi ya kukopa unga.

Tulipoachana, makubaliano ya matunzo yaliandikwa kana kwamba baba watoto ni mwalimu au karani: kiasi fulani kila mwezi, kabla ya tarehe tano. Kwenye karatasi yalipendeza. Kilichotokea ni kwamba msimu ukichanganya alikuja mjini na baiskeli na viatu vya kuwaka taa, watoto wakarukaruka mtaa mzima ukaona. Ikifika Machi simu haipokelewi. Nikipiga namkuta mkali, kwa sababu hana, na mtu asiye na kitu akidaiwa mbele ya mke mpya atatafuta neno la kujifichia. Neno alilolipata ni kwamba fedha zake nazila mimi. Tarehe tano ya kila mwezi ikawa siku ya ugomvi, na watoto wakaijua. Binti alianza kuniuliza mapema, "Mama, leo ni tarehe ngapi?"

Jambo hilo lilikuwa na mizizi yake. Msimu wa 2018 tulikuwa bado pamoja. Ndio ule mwaka ambao wakulima walizikataa bei za minada, na mwezi Novemba serikali ikaamua kununua korosho zote yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Tulishangilia. Kisha uhakiki ukaanza, malipo yakachelewa, na kwa wengi kuchelewa huko kulihesabika kwa miezi. Nyumba nyingi za kusini zilitikisika mwaka ule, na yetu ilikuwa mojawapo. Nilimwona mwanamume aliyezoea kusema "subirini fedha ziingie" akisema hivyo mpaka sauti ikamkauka. Sisemi kwamba korosho ndiyo iliyotuachanisha. Nasema nilijifunza pale kwamba baba watoto akiaibika hugeuka mkali, na kwamba aibu yake kubwa huja pale anapoombwa fedha katika miezi ambayo mkulima hana fedha.

Nilimpelekea wazo hili afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Nilimwambia naomba makubaliano yafuate msimu. Alinisikiliza, akamwita na mwenzangu, tukaketi mezani pande mbili, kila mmoja akaangalia dirisha lake. Tukaandika upya. Fedha za mnada zikiingia mara ya kwanza, analipa vitu vyote vya shule vya Januari: kitambaa cha sare, viatu, madaftari, mabegi, na michango ya chakula cha shuleni ya nusu mwaka. Elimu ni bila ada tangu 2016, lakini mzazi yeyote anajua kwamba mtoto haendi shule na karatasi ya kufutiwa ada peke yake. Zikiingia mara ya pili, ananunua mchele wa kututosha mpaka masika, unapelekwa kwa kaka yangu. Miezi ya kifuku, yaani ya mvua, hadaiwi fedha taslimu. Anatuma kwa basi kile kinachotoka shambani: makopa ya muhogo, mbaazi, kunde, njugumawe. Akipata fedha ya ziada, ni hiari yake.

Tangu hapo ugomvi wa fedha umepungua sana. Haukuisha. Msimu uliopita alileta viatu vya saizi ya mwaka juzi na akakataa kabisa kukubali kwamba mguu wa mtoto umekua. Lakini zile simu za Machi hazipo tena, na binti ameacha kuuliza tarehe.

Wanawake wengi hawajui kwamba sheria iko upande wa watoto kuliko wanavyodhani, na hili nalisema kwa msisitizo. Sheria ya Ndoa ya 1971 inaweka wazi kwamba kuwatunza watoto ni wajibu wa baba, wawe kwake au wawe kwa mtu mwingine. Mtoto kukaa kwa mama hakumwondolei baba mzigo. Sheria hiyohiyo inachukulia kwamba mtoto wa chini ya miaka saba ni heri akae na mama yake, ingawa dhana hiyo mahakama inaweza kuipindua ikionyeshwa sababu. Na Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtazama mtoto mwenyewe: manufaa yake kwanza, haki yake ya kumwona mzazi asiyeishi naye, na maoni yake pia yasikilizwe kama ameyatoa mwenyewe bila kusukumwa. Hayo maneno ya mwisho nayarudia mara kwa mara moyoni, kwa sababu ninazo sababu zangu za mwaka huu ambazo nitazifikia.

Nililowahi kulisikia sokoni ni mwanamke kumwambia mwenzake, "Ukienda ustawi umemshitaki." Siyo hivyo. Mimi nilikwenda bila kesi, tukaandikiana, tukatia sahihi. Amri ya mahakama kuhusu watoto kukaa kwangu ninayo tangu talaka ilipopitishwa, nimeiweka kwenye mfuko wa nailoni pamoja na vyeti vyao vya kuzaliwa. Ipo. Lakini siku za kawaida zinaendeshwa na ile karatasi ya ustawi, kwa sababu ile inazungumzia mchele na viatu.

Kuhusu simu sitakaa sana. Baba watoto ni mtu wa kutuma sauti usiku. Dakika nne, dakika tano, akianza na watoto na kuishia kwa mama yangu mzazi. Sauti za usiku sizifungui usiku. Nazifungua asubuhi baada ya watoto kwenda shule, nasikiliza mpaka nipate lile la watoto kama lipo, nalijibu hilo tu, kwa maandishi. "Shule inafungwa Ijumaa. Jumamosi watapanda basi la saa 2 asubuhi. Mpokeaji ni nani?" Akijibu kwa matusi, nasubiri. Akijibu kwa jina la mpokeaji, namshukuru. Marafiki zangu wanasema najidhalilisha kumshukuru. Mimi naona shukrani ni ya kile alichokifanya, na kama nataka akifanye tena, neno "ahsante" siwezi kulibania.

Kibaya kuliko sauti za usiku ni kumpa mtoto ujumbe. "Mwambie mama yako aache kuzungumza na watu kuhusu mimi." "Mwambie mama yako hilo gauni alilovaa Idi nimeliona." Binti alikuwa anarudi na maneno haya kifuani, anayabeba njia nzima kutoka Tandahimba, na akifika hawezi kula mpaka ayatue. Akiyasema ananitazama usoni aone yamefanya nini. Sasa tumekubaliana mimi na yeye: neno la wakubwa likipewa mtoto, mtoto anajibu, "Baba, mpigie mama." Nilimfundisha aseme kwa adabu, sauti ya chini, na bila kukunja uso. Ilimchukua muda kupata ujasiri huo mbele ya baba yake. Bibi yake upande wa baba alipomsikia akisema hivyo alimuunga mkono palepale, akamwambia mwanawe, "Mtoto amekwambia vizuri. Simu unayo." Mama mkwe wangu yule, Mungu amlinde. Talaka haikuvunja kitu kati yangu na yeye. Nikimpigia bado naanza na shikamoo mama, naye bado ananiitikia marahaba mwanangu.

Na mimi kwa upande wangu siwahoji watoto. Wakirudi nauliza kama wamekula, nawatia maji kuoga. Huko juu uwandani maji yana shida, ndoo moja inaangaliwa kwa macho mawili, kwa hiyo wakifika mjini wanajimwagia mpaka nawafokea. Habari za kwa baba zinakuja zenyewe jioni, kwa vipande, na nyingine haziji, na hizo si zangu.

Sasa mabegi. Kila mama anayelea nyumba mbili anajua vita ya mabegi. Mtoto anaondoka na mashati matatu anarudi na moja, na hilo moja si lake. Kwa kuwa nashona, nimeweka alama ya uzi wa rangi: mishono mitatu ya msalaba, upande wa ndani wa kola na upande wa ndani wa kiuno cha suruali. Juu hauonekani. Ukigeuza, unaujua papo hapo. Nguo za binti uzi mwekundu, za mdogo uzi wa kijani. Sikuweka alama hiyo kwa kumshuku mtu wizi. Kule wapo watoto wengi, kamba ya kuanikia ni moja, na mke wa baba yao alikuwa anapata taabu kutenganisha. Nilimpigia nikamweleza alama. Akasema, "Dada, umenisaidia, nilikuwa nachanganyikiwa." Tangu siku hiyo nguo zinarudi.

Huyu mwanamke nataka nimseme vizuri, kwa sababu katika hadithi zetu za mtaani mke wa pili huwa hana sura nyingine zaidi ya ubaya. Watoto wangu wanamwita mama mdogo. Likizo ya Juni mwaka jana mdogo alishikwa na homa kule. Kusini kwetu malaria ni jambo la kila siku, Mtwara na Lindi ni kati ya mikoa inayosumbuliwa nayo sana, na mtoto akipata homa hakuna kusubiri. Walimpeleka zahanati, akapimwa, akapewa dawa mseto. Baba yake hakuniambia. Siku ya safari akampakia kwenye basi hivyohivyo, mgonjwa, na ujumbe wake kwangu ulikuwa mmoja: "Wamepanda."

Nilimpokea mtoto stendi, uso umemlegea, nikaona pakiti ya dawa mfukoni mwa begi imeshatobolewa. Anayejua dawa mseto anajua shida yangu. Dozi ni sita ndani ya siku tatu: ya pili saa nane baada ya ya kwanza, kisha asubuhi na jioni. Ukiruka hujatibu, ukirudia umezidisha. Ningejuaje amefika wapi? Nikapiga kwa baba, hapatikani. Nikafungua begi lote pale pale benchi la stendi, na ndani ya daftari la hesabu nikakuta karatasi iliyokunjwa. Mwandiko wa mama mdogo. Alikuwa ameandika siku, saa na vidonge, mstari kwa mstari, na mwisho: "Ya leo asubuhi amekunywa saa 12 na uji. Bado moja. Asimeze tumbo likiwa tupu."

Nilimtumia vocha siku hiyo. Tangu wakati huo, mtoto akiumwa upande wowote, karatasi kama ile inaandikwa na kuwekwa ndani ya daftari la hesabu, na mimi nafanya hivyohivyo wakienda. Makubaliano haya hayamo kwenye karatasi ya ustawi. Yako kati ya wanawake wawili ambao jamii ilitazamia tuchukiane. Kwa baba watoto hayamhusu, na pengine ndiyo sababu yanafanya kazi.

La jando lilikuwa gumu zaidi. Desemba iliyopita baba watoto alitangaza kwamba mdogo anaingia jando huko kwao, ataondoka shule zikifungwa na atarudi ikiisha. Ikiisha lini, hakusema. Mimi sina ugomvi na jando. Nimezaliwa Mmakonde, kaka zangu wote wamepita, na naamini mtoto wa kiume anahitaji siku zake za kufundishwa adabu, kuheshimu wakubwa na kujitunza. Nilichokuwa na ugomvi nacho ni mtoto mdogo kiasi kile, tohara kufanywa nisikokujua na kwa kisu nisichokijua, na mafunzo kuendelea wakati wenzake wameshaanza shule. Nilisema hivyo, nikajibiwa kwamba mambo ya wanaume sina sauti.

Hapo nikamkumbusha, kwa upole, kwamba kwetu mambo haya yana mwenye sauti, na mwenye sauti hiyo tangu wahenga ni mjomba. Wamakonde ukoo wetu ulihesabiwa kwa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na kaka wa mama ndiye anayesimama kwa ajili yake akioa, akiumwa, akiingia jando. Dini na sheria na maisha ya mjini vimepunguza nguvu hiyo, lakini haijafa, na Tandahimba haijafa hata kidogo. Baba watoto anaweza kubishana na mimi mpaka alfajiri. Kubishana na shemeji yake mbele ya wazee wake mwenyewe hawezi, kwa sababu naye ni mjomba wa watoto wa dada zake na anaidai heshima hiyohiyo.

Kaka yangu alipanda kwenda. Kutoka hapa hadi Mnivata ni lami, kilomita hamsini, mbele yake alikula vumbi. Alikwenda na kanga mbili za mama mkwe na kilo kadhaa za samaki wa kukaanga kutoka feri, kwa sababu mgeni hafiki mkono mtupu. Hakuzungumza jambo siku ile. Alilala. Asubuhi wakaketi wanaume, na alichotoka nacho ni hiki: mtoto apite jando, lakini asubiri afike darasa la tatu. Tohara ifanyike hospitali, kaka awepo. Mafunzo yawe ndani ya likizo ya Desemba, na mtoto awe mjini wiki moja kabla shule hazijafunguliwa. Baba yake akubali, na mimi nikubali kuleta nguo mpya za siku ya kutoka. Niliposikia sharti la nguo nililia. Walikuwa wamenipa kazi yangu ndani ya jambo la mwanangu.

Nimejiuliza kwa nini kaka anafanikiwa pale ambapo mimi hata nikisema neno lilelile linageuka moto. Sioni aibu kusema kwamba sehemu yake ni kwa sababu yeye ni mwanamume, na hilo linanichoma. Lakini sehemu nyingine ni kwamba hakuwahi kuwa mume wala mke katika ugomvi wetu. Akisema "Januari", inasikika Januari. Nikisema mimi "Januari", baba watoto anasikia miaka yote ya ndoa yetu. Mwenye kaka mwenye busara amtumie. Asiye na kaka atafute mtu wa heshima ambaye pande zote mbili zinamwamkia: shangazi, imamu, mwalimu mstaafu, mama mkwe. Mtu huyo apewe mambo machache, yaliyo wazi, na asibebeshwe hadithi yote ya ndoa.

Wapo wanawake ambao haya yote hayawahusu, na ningependa wasome aya hii kwa makini. Baba watoto ni mkali wa maneno, lakini hajawahi kuwapiga watoto kwa ukatili wala kuniinulia mkono. Kama yangekuwepo hayo, nisingemtuma kaka na samaki. Mtoto anayerudi na alama mwilini, au anayekataa kwenda kwa hofu ambayo hawezi kuieleza, hapelekwi kwa sababu tu ratiba imesema. Anapelekwa dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi, au inapigwa namba 116, simu ya watoto, ambayo ni bure. Uvumilivu hauna nafasi hapo.

Sasa nimefika kwenye la mwaka huu. Binti amemaliza la saba. Baba yake anataka kidato cha kwanza aanze huko Tandahimba, akae kwake. Sababu zake amezitoa kwa sauti ya usiku, na safari hii ilikuwa fupi na haikuwa na tusi hata moja, jambo lililonitia wasiwasi kuliko matusi. Anasema binti sasa ni mkubwa, mjini kuna mambo mengi, na yeye kama baba amekaa naye likizo tu maisha yake yote. Hilo la mwisho ni kweli. Nimelisikiliza nikiwa nimeshika mkasi, nikauweka chini.

Sababu zangu ninazo pia. Binti huchota maji bombani hapa, hafuati ndoo mbali. Anasoma jioni kwa taa. Ana mwalimu wa hisabati anayempenda. Na nina hofu ya mama yeyote wa kusini mwenye binti wa umri ule: asije akaonekana mwali tayari, shule ikawa jambo la pembeni, msimu mmoja wa fedha nyingi ukamaliza masomo yake. Sisemi baba yake anataka hivyo. Nasema mazingira yana nguvu, na shangazi zake wa kule waliolewa wakiwa wadogo.

Nimemuuliza binti mwenyewe siku moja tu, tukiwa tunatenga vifungo, na nikamwambia sitamuuliza tena mpaka kikao. Alisema anataka kusoma mjini lakini hataki baba ajue kwamba ni yeye aliyesema. Nimemjibu kwamba afisa ustawi anaweza kumsikiliza peke yake, mlango umefungwa, mimi na baba yake tukiwa nje kwenye benchi, na kwamba hatalazimika kutamka neno mbele ya yeyote kati yetu. Akauliza, "Na kama nikibadilisha mawazo?" Nikamwambia na hilo atamwambia yeye.

Kikao ni baada ya malipo ya mnada ujao, kwa kaka yangu. Mama mkwe atashuka, mama mdogo ameniambia naye anakuja, na afisa ustawi amekubali tuende ofisini kwake Jumatatu inayofuata. Mchele nitapika mimi. Nimemwomba kaka aanze na sare ya mdogo na nauli za Desemba, ambazo tunaelewana, tule, na la sekondari lije baada ya hapo, watu wakiwa wameshiba na baba watoto ameshapata nafasi ya kusema ndiyo mara mbili au tatu.